Mbwa Tisa na Ushuhuda Tuliouacha Nusu



Jioni moja, katika kikao cha chama chetu, mwenzetu aliyesomea udaktari wa wanyama kule Lubumbashi alituletea karatasi chache alizozichapa. Alisema zinahusu mbwa wenye saratani, ile tunayozoea kuiita kansere, na chanjo waliyopewa. Tulicheka. Kwetu mbwa hulinda ua na kula makombo, na akiugua huachwa apone mwenyewe au afe. Mmoja wetu aliuliza, tena kwa uchungu, iweje mbwa wa Marekani apigwe picha ya mapafu ilhali mama zetu hupitishiwa mchango baada ya Misa ili wapate nauli ya kwenda kutafuta tiba mbali. Swali hilo hatukulijibu, na hata leo hatuna jibu. Lakini tulisoma, na tulipofika mwisho kicheko kilikuwa kimekwisha.

Watafiti wana sababu ya kumtazama mbwa. Panya wa maabara mara nyingi hupandikizwa uvimbe. Mbwa huupata mwenyewe, uzeeni, katika nyumba ileile anamoishi bwana wake, huku akivuta moshi uleule. Mojawapo ya saratani zake ni melanoma ya kinywa: uvimbe, mara nyingi mweusi, huota kwenye ufizi, hutoa damu na harufu mbaya, kisha husambaa hadi kwenye tezi na mapafu. Daktari hukata na kuchoma kwa mionzi, lakini uliokwisha kusambaa haufikiwi na kisu.

Mjini New York, madaktari wa wanyama wa Animal Medical Center waliungana na watafiti wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering kutafuta njia nyingine, ya kuamsha kinga ya mwili wenyewe. Wazo lenyewe halikuwa jipya katika mji huo. Mwaka 1891 daktari mpasuaji William Coley alianza kuwadunga wagonjwa wake wa saratani vijidudu vya maradhi, kwa kuwa alikuwa amegundua habari za mgonjwa ambaye uvimbe wake ulitoweka baada ya kuugua homa kali ya ngozi. Wengi walimtilia shaka. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2018, James Allison na Tasuku Honjo walipewa tuzo ya Nobel kwa kugundua jinsi ya kuifungulia kinga hiyo breki zake.

Chanjo ya mbwa ilitengenezwa kwa ujanja unaofaa kuelezwa polepole. Seli za melanoma huwa na protini iitwayo tirosinazi, ile inayosaidia kutengeneza rangi nyeusi. Kinga ya mbwa haiishambulii, maana inaitambua kuwa ni ya nyumbani. Watafiti wakachukua maelekezo ya kutengeneza tirosinazi ya binadamu, wakayaingiza katika mwili wa mbwa. Ya binadamu inafanana sana na ya mbwa, ila ni ngeni kidogo. Kinga humwona mgeni, hujifunza kumpiga, na kwa kuwa mgeni na mwenyeji wanafanana, huanza kumpiga na yule mwenyeji aliyeharibika.

Taarifa ya kwanza ilitoka mwaka 2003. Mbwa walikuwa tisa tu, wote wakiwa na ugonjwa uliokwisha kuendelea. Watafiti walikadiria kwamba nusu yao wangevuka siku 389, wakati mbwa wa namna hiyo kwa kawaida huhesabiwa miezi michache. Mmoja, ambaye saratani ilikuwa imekwisha kutawanyika mapafuni mwake, alionekana safi kwa siku 329. Mwaka 2007 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa ruhusa ya muda, na mwaka 2010 ruhusa kamili. Tulipofika hapo mmoja wetu alisema, “Asifiwe Mungu,” nasi tukaitikia.

Mwenzetu hakuitikia. Alifungua karatasi ya mwisho. Utafiti wa mwaka 2011, uliofanywa na watu wa kampuni yenye chanjo, uliwalinganisha mbwa waliochanjwa na mbwa wa zamani waliosomwa katika kumbukumbu tu, nao ulionyesha faida. Mwaka 2013 watafiti wengine walipekua mafaili ya mbwa 45: 22 walikuwa wamechanjwa, 23 hawakuchanjwa. Hawakuona kwamba waliochanjwa waliishi muda mrefu zaidi. Mbwa 45 ni wachache, na kupekua mafaili si sawa na kujaribu upya; kwa hiyo hiyo haikuwa hukumu ya mwisho. Hata hivyo waliandika walichokiona, na jarida likakichapisha, huku chanjo ikiwa tayari sokoni.

Sisi tulidhani hilo ni jambo la kawaida. Mwenzetu akatueleza kwamba majaribio yaliyoshindwa huzikwa kimya kimya mara nyingi. Mtafiti huona haya, kampuni hupoteza fedha, na mhariri hupenda habari njema. Ndiyo maana wahariri wa majarida makubwa ya tiba ya binadamu walipatana kwamba, kuanzia mwaka 2005, jaribio lisiloandikishwa hadharani kabla ya kuanza halitachapishwa kwao. Likiandikishwa, watu wataweza kuuliza: lile lilifikia wapi?

Swali hilo lilituchoma, na lazima tuwaambie sababu. Mnakumbuka kwamba katika ukurasa huu tuliwahi kuandika habari za mama mmoja wa shirika letu aliyekuwa na kansere ya titi. Tulisali naye novena, uvimbe ukapungua, naye akasimama kanisani kushuhudia. Tuliandika kwamba amepona. Hatukuandika kwamba wiki zilezile alikuwa akipata sindano hospitalini. Hatukumwuliza daktari wake. Miezi minne baadaye tulimzika. Tulikuwepo wote makaburini, tuliimba, na toleo lililofuata la ukurasa huu lilizungumzia mafungo ya Kwaresima.

Baadaye mama mwingine, wa parokia ya jirani, alitujia na karatasi yetu mkononi, imekunjwa mara nne. Alikuwa ameacha dawa. Alitaka kujua novena ilisaliwaje, kwa siku ngapi, na kama mishumaa ilibarikiwa na padri.

Kanisa letu halikutufundisha haraka ya namna hii. Bwana Yesu alipomtakasa mwenye ukoma alimtuma akajionyeshe kwa kuhani, yaani kwa yule aliyekuwa na kazi ya kuchunguza. Kule Lourdes, tangu mwaka 1883, ipo ofisi ya madaktari inayopokea wanaosema wameponywa, ikisoma vyeti vyao na kuwafuatilia kwa miaka. Zaidi ya watu 7,000 wamewahi kuleta habari zao. Kanisa limetambua miujiza inayozidi sabini kwa idadi ndogo tu. Hao maelfu wengine hawakuitwa waongo, na mahujaji hawajaacha kwenda. Maaskofu walingoja tu kabla ya kuandika. Sisi tulingoja siku tisa, na hata hizo tulizihesabu kwa ajili ya novena.

Basi tunaandika sasa. Mama tuliyemtangaza kuwa amepona hakupona. Alifariki kwa kansere ileile, akiwa ameungama na kupokea Mpako wa Wagonjwa, binti zake wawili wakiwa kando ya kitanda. Kupungua kwa uvimbe kulitokea wakati akipata sindano za hospitali pamoja na sala zetu, nasi hatukuwa na haki ya kuzitaja sala na kuziacha sindano. Binti zake wamekubali tuandike haya, na mkubwa wao ndiye aliyetusahihisha tarehe.

Mama wa parokia ya jirani tulimsindikiza hospitalini siku ya Jumatatu. Daktari alimkaripia kidogo, kisha akafungua faili lake upya. Hatujui litafikia wapi. Tutakapojua, tutaliandika mahali hapahapa, liwe lolote.