Mwaka wa 1985 ndani ya kadi ya memori: nyimbo za mzee mmoja wa Kiwanja

KIWANJA, RUTSHURU – Kuna mzee mmoja hapa Kiwanja ambaye ukimuuliza ni mwaka gani muziki ulikuwa mtamu kuliko miaka yote, hafikiri hata kidogo. Anajibu: 1985. Si 1984, si 1986. Vijana wanaokaa naye kando ya barabara, pale njia ya Ishasha inapoachana na ile ya Kanyabayonga, wamejaribu mara nyingi kumtoa kwenye msimamo huo na wameshindwa. Ameomba jina lake lisitajwe. Lakini wote waliopeleka redio yao kutengenezwa Kiwanja kabla ya vita hii wanajua ni nani anayezungumziwa.

Wakati ule alikuwa kijana wa miaka 21, na nchi ilikuwa ikiitwa Zaïre. Ndio mwaka Papa Yohane Paulo wa Pili alipomtangaza Anuarite kuwa mwenye heri, pale Kinshasa, tarehe 15 Agosti. Ndio mwaka Mobutu alipotimiza miaka 20 madarakani, tarehe 24 Novemba. Na tarehe 22 Septemba Docteur Nico alifariki Brussels, mji uleule ambako mwaka 1960 gitaa lake lilisikika ndani ya « Indépendance Cha Cha ». Mzee anazitaja tarehe hizo kama mtu anayehesabu watoto wake. Zote alizisikia redioni.

Redio ndiyo ilikuwa dirisha. Milima inatenga Kiwanja na mambo mengi, lakini masafa mafupi hayaombi ruhusa kwa mlima. Usiku mtu alipata Bukavu, Kigali, Kampala, Nairobi. Deutsche Welle ilisikika kama vile mtangazaji amekaa nyuma ya nyumba, kwa sababu tangu 1965 ilikuwa na mitambo yake ya kurushia matangazo palepale Kigali. Mawe ya redio yakichoka, yaliwekwa juani mchana mzima ili yapate nguvu ya usiku mmoja zaidi.

Lakini kusikia wimbo redioni ni jambo moja, kuwa nao nyumbani ni jambo lingine. Disiki zilikuwa za wenye fedha. Watu wengine wote walikuwa na kaseti, tena kaseti ya kopi, na mara nyingi kopi ya kopi. Za Kizungu zilipitia Uganda, kwenye mizigo ya wafanyabiashara waliovuka Bunagana au Ishasha. Sasa mwaka huo Uganda yenyewe haikuwa na usalama: Obote alipinduliwa tarehe 27 Julai 1985, na Januari 1986 Museveni akaingia Kampala. Kwa hiyo nyimbo nyingi za 1985 zilifika hapa zikiwa zimechelewa, mwaka mmoja au miwili baadaye. Mzee hajali. Kwake wimbo unahesabiwa mwaka ulipozaliwa, si mwaka ulipovuka mpaka.

Ya kwanza kwenye orodha yake haikupitia Uganda. Ni « Mario » ya Franco na TPOK Jazz. Hapa hakuna ubishi, hata vijana wananyamaza. Franco anasimulia habari za kijana aliyesoma, mwenye diploma tano, ambaye badala ya kutafuta kazi anaishi kwa mali ya mama aliyemzidi umri. Franco anaongea zaidi kuliko anavyoimba, analalamika, anauliza, anakemea. Madilu System anaingia na ile sauti yake ambayo hata ikisema neno baya inalisema vizuri. Wimbo unapita dakika kumi na hakuna anayeona kuwa umekuwa mrefu. Kivu ya Kaskazini si nchi ya Lingala, wengi hapa walijifunza Lingala kwa wanajeshi na kwa Franco. Kwa Franco walijifunza ile nzuri. Na jina lenyewe likabaki: mpaka leo Kiwanja, kijana mwenye afya anayekula kwa jasho la mwanamke anaitwa Mario, hata na mtoto ambaye hajawahi kusikia wimbo huo.

Kaseti ya « Mario » ya mzee ilitoka Kinshasa. Mkubwa wake alikuwa huko masomoni, akaipatia mtu aliyekuwa anapanda ndege ya Goma. Kabla ya wimbo kuanza, yaya huyo alirekodi sauti yake mwenyewe, kama watu walivyofanya siku zile badala ya kuandika barua. Alisalimia baba, akasalimia mama, akauliza maharage yalitoka namna gani msimu ule, akasema amekonda lakini wasiwe na wasiwasi. Halafu akasema: sasa sikilizeni huyu mtu. Ndipo gitaa likaingia. Yaya huyo alifariki katika miaka ya tisini, na picha yake nyumbani ilikuwa moja tu, ya kadi ya mwanafunzi. Kwa miaka zaidi ya 20, aliyetaka kumkumbuka aliweka kaseti. Watoto waliozaliwa nyuma waliijua salamu ile kwa moyo, na walikuwa wanaisema pamoja naye, hadi kwenye kikohozi kidogo kilichokuwa katikati.

Kaseti ile ilivuka mengi. Ilikuwepo nyumbani Novemba 2008, siku zile za mauaji ambazo hakuna mtu wa Kiwanja anayehitaji kukumbushwa. Ilikuwepo 2012 na 2013. Mwishoni mwa Oktoba 2022, M23 walipoingia Kiwanja na Rutshuru, mzee na familia yake walitoka kwa miguu kuelekea Goma. Walibeba godoro, sufuria mbili, maharage kadiri mama alivyoweza kubeba kichwani, na redio. Kaseti zilibaki ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda. Walikaa Kanyaruchinya, kwenye hema juu ya mawe ya volkano, hadi kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025. Waliporudi walikuta mlango umeondoka, kitanda kimeondoka, na sanduku pia.

Ndiyo sababu sasa anatafuta upya mwaka wake wa 1985, wimbo kwa wimbo, kwa vijana wanaochaji simu na kuweka nyimbo kwenye kadi za memori. Franco amepatikana siku ya kwanza, tena anasikika safi kuliko zamani, bila ule mlio wa kaseti iliyovutwa. Mzee alisikiliza sekunde za mwanzo, gitaa likaanza moja kwa moja, akaomba kijana arudishe nyuma. Kijana akamwambia: « Baba, hapa ndipo mwanzo, nyuma yake hakuna kitu. »

Ya pili ni « We Are the World ». Ilirekodiwa usiku wa tarehe 28 Januari 1985 huko Hollywood, kwa ajili ya njaa ya Ethiopia. Michael Jackson na Lionel Richie waliitunga, Quincy Jones akawaongoza. Juu ya wimbo huu mzee ana hadithi anayopenda kuliko wimbo wenyewe, na ni ya kweli: usiku ule Stevie Wonder alipendekeza waweke maneno ya Kiswahili. Mabishano yakazuka. Bob Geldof, aliyekuwa ametoka Ethiopia, akawaeleza kuwa Waethiopia hawasemi Kiswahili. Waylon Jennings, mwimbaji wa nyimbo za kantri, akachoka na mambo hayo, akaondoka zake. Kiswahili kikaachwa. Mzee anacheka kila mara anapofika hapo: lugha yetu ilifika mlangoni kwa wakubwa wa dunia, ikarudishwa kwa sababu ilikuwa imekosea anwani.

Wapo wanaosema wimbo ule ni wa huruma tu, na kwamba watu waliopewa chakula cha msaada hawakuulizwa wanataka kuimba nini. Wana haki. Mwaka huohuo Manu Dibango naye aliwakusanya Waafrika, kama Mory Kanté na Salif Keita, wakatoa disiki yao kwa ajili ya Ethiopia, na haikufika popote karibu na umaarufu wa ile ya Wamarekani. Mtu aliyepanga foleni Kanyaruchinya akiwa na jetoni mkononi anaelewa ubishi huo vizuri kuliko mtu wa Hollywood. Lakini mzee anasema pia kwamba kwenye foleni ile hakuna aliyeuliza unga umetoka kwa wimbo gani.

Sasa inakuja ile ambayo vijana hawaielewi kabisa: « Brothers in Arms » ya kundi la Kiingereza Dire Straits, iliyotoka Mei 1985. Haichezeki. Gitaa la Mark Knopfler linatembea taratibu kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Mzee hakujua Kiingereza wakati alipoipata, na hata sasa anajua kidogo. Mwalimu mmoja wa sekondari ndiye aliyemfasiria wimbo wa mwisho, ule wenye jina la albamu: mwanajeshi yuko vitani kwenye milima yenye ukungu, mbali na bonde la kwao, na anakaribia kufa. Wimbo huo unahusishwa na vita vya Waingereza vya visiwa vya Falkland vya 1982. Mwalimu alipomaliza kufasiri, mzee alitazama nje, upande wa milima. Hakuhitaji kuuliza Falkland ni wapi.

Kuna jambo lingine juu ya albamu hiyo ambalo alilijua baadaye sana. Ilirekodiwa kwenye kisiwa cha Montserrat, katika bahari ya Karibi, ndani ya studio nzuri sana. Mwaka 1989 kimbunga Hugo kikaiharibu studio. Mwaka 1995 volkano ya kisiwa ikaamka, na mji mkuu, Plymouth, ukafunikwa na majivu, watu wakahama na hawakurudi. Mtu wa Goma aliyeona Nyiragongo mwaka 2002 na tena Mei 2021 akisikia hayo, anaanza kuusikiliza wimbo ule kama wa jirani.

Whitney Houston ni wa mama, mke wa mzee. Albamu ya kwanza ya Whitney ilitoka tarehe 14 Februari 1985, naye akiwa na miaka 21, umri uleule wa mzee, jambo ambalo mama hachoki kulitaja: mwenzako alikuwa anaimba dunia nzima, wewe ulikuwa unakunjua kaseti kwa kalamu ya Bic. Sauti ile ilitoka kanisani, anasema mama, inasikika. Mzee haongezi neno.

Jean-Jacques Goldman naye yumo, kwa ajili ya « Je te donne », ambayo wanafunzi wote wa sekondari waliiandika kwenye madaftari. Basi.

Walioachwa nje ndio wanaoleta kelele. « Thriller » ni ya 1982, haiingii. « Graceland » ya Paul Simon ni ya 1986, haiingii. Kinachouma zaidi ni Samba Mapangala, mtoto wa Matadi aliyepitia Uganda hadi Nairobi na kuliita kundi lake Orchestra Virunga, jina la milima hiihii inayotazama Kiwanja. Vijana walidhani hapo wamempata mzee. Lakini « Malako » ilikuwa imetoka kabla, na mzee akasema sheria ni sheria, hata kama inamuumiza yeye mwenyewe. Kisha akaomba wamwekee « Malako » kando, kwenye simu ya mama, isichanganyike na zingine.

Wiki iliyopita kijana wa kadi alimaliza kazi. Nafasi ilikuwa imebaki, akauliza kama anaweza kuongeza Fally Ipupa. Mzee akakubali, kwa wajukuu. Wakaangalia orodha pamoja kwenye kioo cha simu, mzee akiwa amevaa miwani ya mkopo. Akafika kwenye « Mario ». Aliyeipakia mtandaoni alikuwa ameandika 1987.

« Badilisha kwanza, » mzee akasema, akirudisha fedha mfukoni. « Andika 1985, ndio nikulipe. »