Nyuzi Mbili za Mazungumzo

Mwaka jana, hapa Chanika, Handeni, nilipeleka simu yangu kuukuu kwenye duka la steshenari ili sauti ya marehemu mama ihifadhiwe kwenye kompyuta. Simu ilipata chaji, lakini kompyuta haikuitambua. Kijana wa dukani akabadilisha waya. Papo hapo ikaonekana. Akanieleza kwamba waya wa kawaida wa USB, mfumo uliotoka mwaka 1996, una nyuzi nne: mbili za umeme, mbili za mazungumzo. Wangu ulikuwa na za umeme tu. Tena kompyuta ndiyo huuliza. Simu husubiri kuulizwa.

Nikakumbuka miaka niliyomtumia mama fedha ya matumizi bila kumuuliza hali. Nilimlisha. Sikuzungumza naye.