Ukweni Misima, kwa Ndinga Ndogo

Naomba nianze na ugomvi, maana bila ugomvi ule safari hii isingekuwepo.

Ilikuwa Jumamosi, natoka saluni, nywele zimekaa bomba ile mbaya. Nafika nyumbani namkuta shemeji yenu kasimama mbele ya Vitz yetu, mikono kiunoni, anacheka peke yake. Gari imevalishwa rimu mpya. Inchi 16, zinang'aa kama sufuria za harusini, na tairi nyembamba zimezizunguka kama mkanda. "Unaonaje mama?" akaniuliza. Niliona. Niliona na kibubu chetu, kile tulichokuwa tukiweka fedha ya macho ya mama yake, kimehamia kwenye zile rimu.

Nilinuna siku mbili. Yeye akawa na majibu yake: fedha ya mama atairudisha mwisho wa mwezi, na isitoshe gari sasa imenyanyuka, tutafika nayo mpaka mlangoni kwa mama. Hilo la mlangoni ndilo lililonifanya ninyamaze, kwa sababu ndilo lilikuwa tatizo letu hasa.

Mama mkwe wangu anaishi ndani kutoka Misima. Kwa wasiopajua, Misima ni kata ya wilaya ya Handeni, kwenye barabara inayotoka Handeni kwenda Korogwe, upande wa kwa Wazigua. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kliniki yake iko Dar. Kumtoa huko mpaka barabara kuu ni kilometa kumi na kitu za vumbi. Wenyeji wote wanazimaliza kwa bodaboda. Mama hapandi. Alishawahi kuanguka nayo akaumia nyonga, akaapa, na mama akishaapa ndiyo imetoka hiyo. Kwa hiyo ama gari ifike uani kwake, ama macho yabaki yalivyo.

Tukaenda Pasaka, katikati ya masika. Mpaka Misima hakuna cha kusimulia. Ile barabara ya Handeni–Korogwe, kama kilometa 65 hivi, zamani ilikuwa ya vumbi. Miaka ya 2010 ikawekwa lami, na siku hizi ni mkeka mtupu. Shemeji yenu anaendesha kwa mkono mmoja, muziki juu, kila tukisimama anashuka kuziangalia rimu zake. Mie kimya.

Tukaacha lami. Kilometa ya tatu tu, mvua imechimba korongo linalokatiza njia, si kubwa, la kuruka mtoto. Akapunguza mwendo, kweli alipunguza, siwezi kumsingizia. Paa! Kishindo kilikuwa cha chuma, tairi haikusikika kabisa. Rimu ya mbele kushoto ikapata ufa, upepo ukaisha wote papo hapo. Tukatoa spea, ile nyembamba inayokuja na gari hizi kutoka Japani, kama ya pikipiki. Mita mia mbili mbele ikazama kwenye tope. Gari tukaiacha uani kwa mjumbe, tukapanda bodaboda wawili wawili, mie na mfuko wa sukari na mchele mapajani.

Mama alikuwa ameshafunga kibegi chake. Kilikuwa pale mlangoni, na kitenge kipya juu yake. Tulipomweleza akakaa chini, akasema, "Hamna neno wanangu. Macho yenyewe yameshanizoea." Kisha akauliza kama tumekula.

Njia nzima ya kurudi hatukugombana. Afadhali tungegombana.

Sasa nije kwenye tairi, na akina dada msiniruke hapa, maana ndipo nilipogundua kwamba mambo haya ni hesabu ya darasa la sita na wanaume wanatuzuga tu. Kuna fundi wetu, mtu mzima, mtu wa Tanga kama shemeji yenu. Nilikwenda mwenyewe nikamuuliza: hivi rimu kubwa si ndiyo gari inanyanyuka? Akacheka, akachukua chaki, akaandika sakafuni namba ya tairi iliyokuja na gari yetu: 165/70R14.

Hiyo 165 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 70 ni asilimia: kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 70 ya upana wake, yaani kama milimita 115. Na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4. Jumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata tairi yenye kimo cha milimita 587. Halafu akaandika ile ya shemeji yenu: 195/45R16. Rimu kubwa, sawa, lakini ubavu ni asilimia 45 tu, milimita 88. Jumla yake 582.

Mnaona wenyewe. Rimu imeongezeka inchi mbili, gari imeshuka! Tena imeshuka milimita mbili na ushee, maana kinachoingia chini ya gari ni nusu ya tofauti. Na ule ubavu mnene uliokuwa unameza mashimo umeondolewa, kwa hiyo kila jiwe linapiga rimu moja kwa moja. "Hizi ni za kwendea harusini, dada," fundi akasema. Ningempa hela ya soda pale pale.

Ndipo akanieleza kwamba kwa gari ndogo inayokwenda vumbini, kinachotakiwa kukua ni tairi, wakati rimu inabaki ile ile ndogo. Na iwe ya chuma, hata kama haina sura. Rimu ya chuma ikipigwa inapinda, unaigonga nyundo kijijini unaendelea na safari. Zile za kung'aa zinapasuka, na ufa wake si wa kuchezea. Ukitaka kubadili rimu hata hivyo, angalia matundu: Vitz ina nati nne, na umbali wake ni wa 100, lakini tundu la katikati nalo ni lazima likae sawasawa, milimita 54.1. Kuna rimu za gari nyingine zenye nati nne hizo hizo, ila tundu la kati ni pana, zinaingia vizuri tu halafu usukani unatetemeka ukifika themanini.

Tukajaribu kwanza 185/70R14. Hiyo ina kimo cha milimita 615, inainyanyua gari milimita 14. Nikaipenda. Fundi akatupakia wote ndani, na vijana wake wawili wazito nyuma, akakata usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto. Krrr. Inasugua plastiki ya ndani ya madgadi. Gari tupu ilikuwa haigusi, ndiyo maana wengi wanauziwa pale dukani wanaondoka wakifurahi, wanakuja kulia siku wamepakia familia. Pia injini yetu ni ya sisi 996, silinda tatu tu, na tairi kubwa ni kama kuendesha muda wote kwenye gia ya juu zaidi: kwenye kilima gari inaanza kuomba msamaha.

Kuna njia nyingine, ya kuweka spesa juu ya shokapu ili bodi inyanyuke. Mnaziona IST nyingi mjini zimesimama kama mbuzi. Mafundi wanaifanya kila siku, sikatai, lakini mpira wa shafti na boljointi zinakaa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, alaimenti inahama, na kwenye kona kali gari inalala. Fundi wetu alisema ukiweka, weka kidogo na ukubali kununua bushi mara kwa mara. Hatukuweka.

Tukaishia 175/70R14. Kimo chake milimita 601, faida chini ya gari ni milimita saba. Unene wa kalamu! Shemeji yenu alikaribia kulia. Lakini ukiilinganisha na zile za harusini faida ni zaidi ya milimita tisa, na ubavu umetoka 88 umefika 122, sentimita tatu na nusu za mpira kati ya rimu na jiwe. Hapo ndipo fedha yako inapokwenda. Halafu namba ya mzigo: tairi ya awali ilikuwa na 81, yaani kilo 462 kwa kila tairi, hii ina 84, kilo 500. Na wifi yangu wa Korogwe tulikuwa tunakwenda kumchukua, kwa hiyo hili sikulichukulia utani.

Tulinunua tano, na ya spea ya saizi ile ile. Zile za mtumba za bei poa tulizipitia, ila nilishafundishwa kusoma tarehe: namba nne za mwisho ubavuni, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Moja nzuri sana, meno yote yamejaa, ilikuwa na umri wa kuanza darasa la tano. Tukazirudisha. Ile saa ya mwendo nayo inadanganya kidogo ukiongeza tairi. Ikisema 50 wewe uko 51 na kitu, na wale wenye tochi vijijini hawatakusikiliza ukiwapigia hesabu.

Tukaondoka Julai, saa kumi alfajiri, masika yameshakauka. Safari hii tulizunguka Segera mpaka Korogwe kwa ajili ya wifi, na sijutii. Kabuku na Segera machungwa yamepangwa barabarani mafungu kwa mafungu, mkonge umejipanga mistari mpaka macho yanachoka. Mkonge wenyewe ni mgeni, Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, lakini jaribu kuufikiria mkoa huu bila ya mkonge. Ukivuka Korogwe kuelekea Handeni nchi inabadilika, inakuwa kavu. Maji ya bomba ya Handeni yenyewe yanasukumwa kutoka Mto Pangani, upande wa Korogwe, kwa mradi wa tangu miaka ya 1970 ambao watu huku wanauita HTM kama jina la ndugu yao, pamoja na lawama zake.

Wifi alikaa nyuma akatusimulia Wazigua wa Somalia. Nilikuwa sizijui habari hizi, nimeolewa huku miaka saba! Karne ya 19 Wazigua wengi walipelekwa Somalia utumwani, na vizazi vyao wakaendelea kuongea Kizigua huko Mto Juba. Vita ilipoanza mwaka 1991 baadhi wakakimbilia huku huku walikotoka babu zao, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na wengi wakapata uraia. "Walirudi kwa miguu na mashua," wifi akasema, akamgonga kaka yake begani, "wewe na gari umeshindwa kufika kwa mama."

Misima tukasimama kwa kijana wa pancha, tukapunguza upepo kidogo ili tairi ilainike, hatukuzidisha, na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye moto wa sigara tunayo ya kurudishia. Hili naomba mlisikie vizuri: vumbini unaweza kupunguza kidogo, lakini ukiirudisha gari kwenye lami na upepo ule ule ukakimbia, tairi inachemka na inaweza kukupasukia. Kipimo chenyewe kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Tulipofika kwenye lile korongo hakuna aliyesema kitu. Lilikuwa limekauka, kingo zimekuwa ngumu kama tofali. Shemeji yenu akasimamisha, akashuka, wifi akashuka, mie nikashuka. Akaliingia kwa mshazari, gurudumu moja moja, taratibu. Nilikuwa nimechuchumaa pembeni naangalia chini ya gari. Jiwe lilipita karibu na sampu ya oili pengine kwa unene wa kalamu mbili. Moja kati ya hizo tulikuwa tumeinunua.

Uani tuliingia na honi. Mama alitoka ameshika ukuta, akauliza nani huyo anapiga kelele, kisha akaja akaipapasa gari kuanzia boneti, taa, mlango, kama mtu anayenunua ng'ombe. Kibegi alikifunga tena, kile kitenge kikiwa hakijavaliwa. Alikaa mbele, mie na wifi nyuma tumebanana, na kuku wawili wamefungwa miguu chini ya viti. Kwenye lile korongo wote tulishuka isipokuwa yeye. Alishika mpini wa juu wa mlango, akawa anasema polepole, "Taratibu baba, taratibu," na mumewe mtu, mwanaume wa miaka thelathini na nane, anaitikia, "Ndiyo mama."

Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji. Siku walipomtoa bandeji aliniangalia muda mrefu, akasema, "Kumbe umenenepa hivi." La kushoto limepangiwa mwezi ujao, na baada ya hapo anataka kurudishwa kwake kabla vuli haijachanganya, anasema hapa mjini hakuna kuku wa maana.

Zile rimu ziko stoo. Tatu ni nzima kabisa, moja ina ufa, na shemeji yenu bado anaomba bei ya nne.