Saumu, mfungue mbwa mdomo kwanza

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu mpenzi Saumu,

Huku hatujambo, ila goti la mama yako bado linamsumbua akipanda ngazi, na habari ya fimbo hataki kuisikia. Mvua zimechelewa. Machungwa ya Muheza yameanza kushuka bei, na bibi yako kila Ijumaa anauliza kama chuoni wanawapa samaki. Nimemwambia wanawapa, kwa hiyo ukija usiniumbue.

Barua yako nimeisoma, nikairudia kwa sauti kwa sababu mama yako alitaka kusikia. Hata sasa ameketi karibu ananichungulia begani, basi makali mengine nitayapunguza.

Umesema yule mwalimu mstaafu ameleta mbwa wake hapo kliniki, ana uvimbe mweusi kwenye ufizi wa juu, na wewe ukamwambia kwamba Marekani kuna chanjo ya jeni inayotibu saratani ya namna hiyo. Sasa mzee anauliza bei, na anafikiria kuuza mtamba wake. Saumu mwanangu, ahadi ni deni, na neno la daktari mwenye koti jeupe mtu mwenye huzuni hulisikia kama ahadi hata kama hukuapa.

Hukumdanganya, chanjo ipo. Daktari wa wanyama Philip Bergman wa New York aliifanyia kazi pamoja na Jedd Wolchok, wakati huo daktari wa saratani za binadamu katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering. Serikali ya Marekani ikaipa kibali cha masharti mwaka 2007 na leseni kamili mwaka 2010. Jina lake la dukani ni Oncept. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilikuwa bado kazini, na nakiri ilinifurahisha, maana ufundi wake ni wa akili sana.

Saratani ya namna hiyo huitwa melanoma, na inatokana na seli zinazotengeneza rangi nyeusi ya ngozi na ufizi. Ili kutengeneza rangi hiyo seli hutumia kimeng'enya kiitwacho tairosinesi. Kinga ya mbwa inakijua kimeng'enya hicho tangu utotoni, haikigusi, na ndiyo maana uvimbe unakua huku kinga ikipita tu pembeni. Wale mabwana wakachukua jeni ya tairosinesi ya binadamu, wakaipachika kwenye plasmidi, yaani kile kijiduara cha vinasaba ambacho bakteria hukibeba, wakaipiga kwenye msuli wa paja la mbwa kwa kifaa kisicho na sindano, kinachosukuma dawa kwa nguvu kupenya ngozi. Msuli wenyewe unaanza kutengeneza tairosinesi ya mtu. Kwa kinga ya mbwa, tairosinesi hiyo ni kama mgeni anayezungumza lugha ya nyumbani kwa lafudhi ya mbali: anafanana na ndugu, lakini masikio yanasimama. Kinga ikishamkamata mgeni, inaanza kumkagua na mwenyeji. Dozi nne, kila baada ya wiki mbili, kisha kuikumbusha kinga kila miezi sita.

Hapo ndipo wengi wanapofunga kitabu. Wewe endelea kusoma. Ripoti ya kwanza, ya mwaka 2003, ilihusu mbwa tisa. Nusu yao waliishi zaidi ya siku 389, na kwa melanoma ya mdomo iliyokomaa hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Lakini tisa ni tisa, na hapakuwa na kundi la pembeni lililoachwa bila chanjo ili walinganishwe. Hata utafiti uliotumika kuombea leseni uliwalinganisha mbwa waliochanjwa na mbwa wa zamani, waliotibiwa kabla chanjo haijakuwapo. Mwaka 2013 watafiti wengine walipopitia mafaili ya mbwa waliochanjwa na wasiochanjwa, tofauti ya muda wa kuishi hawakuiona. Wapo waliochapisha matokeo mazuri baadaye. Mimi nasema hivi: inawezekana inasaidia baadhi, na haidhuru sana, ila si kitu cha kumuuzia mtu mtamba.

Na kibali chenyewe kinasema nini? Ni kwa mbwa ambaye uvimbe wake wa mdomoni umeshadhibitiwa pale ulipo, kwa kisu au kwa mionzi. Chanjo hii ni ya baada, si ya badala. Ndivyo ilivyo hata ile ya paka iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2013, ambamo virusi vya ndui ya ndege kanari vinabebeshwa jeni ya intalukini 2 ya paka, kichocheo cha kinga. Inachomwa kuzunguka kidonda baada ya uvimbe uitwao fibrosakoma kukatwa na kupigwa mionzi, ili isirudi upesi.

Sasa nikupe yangu, na kwa kuwa umebakiza kidogo kuwa daktari nitasema bila haya. Miaka mingi nilizunguka mashamba ya mkonge nikitibu wanyama, na kwenye kila kambi kulikuwa na mbwa wa walinzi. Ugonjwa niliouona kuliko yote ni ule uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Unalijua umbo lake, kama koliflawa iliyochubuka, damu ikidondoka. Ulipoona mbwa ameacha matone kwenye saruji ya kibanda cha mlinzi, hukuhitaji kuuliza zaidi. Dawa yetu ilikuwa vinkristini, mara moja kwa wiki, kwenye mshipa wa mguu wa mbele, na mkono wako usitetemeke kwa sababu tone likitoka nje ya mshipa nyama inaoza. Nikirudi nyumbani, marehemu bibi yako mkubwa alikuwa ameshaniwekea ndoo na udongo mlangoni. Ninawe mara saba, moja kwa udongo, ndipo ninapewa chai. Majirani walicheka kwamba Bakari anasoma dua na mbwa. Nami niliwajibu kwamba mwenye mbwa naye ana roho.

Nakukumbusha ugonjwa huo kwa sababu ndani yake kuna somo lote unalolitafuta Marekani. Ule uvimbe hautokani na seli za mbwa mwenyewe. Ni seli za mbwa mmoja wa zamani zinazohama kutoka mwili hadi mwili. Watafiti wa Cambridge walikadiria mwaka 2019 kwamba mbwa huyo aliishi Asia, miaka kati ya 4,000 na 8,500 iliyopita. Seli ngeni kabisa, na bado kinga haizioni mwanzoni, kwa kuwa zinazificha zile alama za juu ya seli ambazo kinga huzitazama. Halafu siku moja, kwa baadhi ya mbwa, alama zinarudi na kinga inaamka. Kule Pongwe nilikuwa na jike ambaye mwenye mbwa alikataa sindano, akaondoka naye. Nilipokutana na jike huyo barabarani baada ya miezi, palikuwa pakavu, ngozi safi. Hakuna aliyemtibu. Mwili ulijifunza wenyewe.

Kwa hiyo sikukatazi kuipenda elimu hii. Huko Ljubljana, Slovenia, wamekuwa wakiwachoma mbwa jeni ya intalukini 12 kisha wanapitisha mipigo mifupi ya umeme ili seli zifungue milango na kuipokea. Taiwan nao walijaribu njia kama hiyo, kwa jeni hiyo hiyo, kwenye uvimbe huu huu wa kupandana, wakachapisha mwaka 2009. Ukitaka mada ya utafiti, mbwa wenye ugonjwa huo wako nje ya geti lenu wanazurura. Kata vipande kabla ya vinkristini na baada yake, uvihifadhi kwenye formalini, uangalie seli za kinga zinaingia lini. Kazi hiyo haihitaji nauli ya ndege. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Turudi kwa mwalimu. Naona katika barua yako umeniandikia aya nzima ya chanjo, lakini ukubwa wa uvimbe hukuutaja. Mfungue mbwa mdomo. Mlaze kwa dawa ikibidi, inua mdomo wa juu, tazama chini ya ulimi, pima kwa rula. Chini ya sentimeta mbili ni hadithi moja, na ukizidi nne ni hadithi nyingine. Papasa tezi za chini ya taya, na usiridhike kwa kuwa hazijavimba. Melanoma hujificha ndani ya tezi yenye ukubwa wa kawaida, basi ingiza sindano utoe seli uziangalie. Piga picha ya kifua. Kama mapafu ni safi, mpeleke kwa daktari wenu wa upasuaji akate kwa upana, pamoja na kipande cha mfupa wa taya. Mwalimu atashtuka ukimwambia habari ya taya. Mweleze kwamba mbwa huzoea na hula vizuri tu, kwani ndivyo ilivyo.

Kisha mwambie ukweli wa chanjo kwa maneno machache: ipo, iko mbali, inataka baridi ya friji njia nzima na vibali vya dawa ya vinasaba, na hata kwao wenyewe hawajakubaliana inaongeza siku ngapi. Fedha yake iende kwenye upasuaji na dawa ya maumivu. Na mapafu yakiwa yameshaingiliwa, usimpe kisu wala chanjo. Mpe mbwa nafuu, na umpe mzee muda wa kukaa naye. Usimwachie mwenzako aliseme hilo. Ulianza wewe, malizia wewe, na umwamkie kwanza kama unavyomwamkia babu yako.

Mpigie simu leo usingoje kesho, kabla hajampeleka mtamba mnadani. Majibu ya tezi yakitoka niandikie, hata yakiwa mabaya. Mama yako anasema ule, na usilale na kitabu usoni.

Mjomba wako,
Bakari