Draiva Iliyojifunza Kusema Haijui

Kompyuta ina saa mbili. Ya kwanza ni ile unayoiona pembeni mwa skrini. Hiyo huhesabiwa na mfumo endeshi wenyewe, na umeme ukikatika nayo imekwisha. Ya pili ni chipu ndogo yenye betri yake ya kidonge, na hiyo haizimiki maadamu betri ina nguvu. Mfumo ukiamka, mapema kabisa huiuliza: leo tarehe ngapi, saa ngapi? Anayetumwa kuuliza ni draiva, kijiprogramu cha mistari mia chache, na mimi sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimelipwa kukirekebisha. Saa zenyewe zimeongezeka usahihi, hilo kila fundi atakuambia. Lililobadilika zaidi machoni pangu ni tabia ya draiva. Zamani ukiiuliza lazima ikujibu, hata kwa uongo.

Nilikutana na saa hizi kwanza kwenye meza ya ufundi Dar es Salaam. Mteja analeta kompyuta ya mezani inayogoma kuendelea mpaka abonyeze F1, na tarehe imerudi 1980. Tunafungua, tunachomoa betri ya CR2032, tunaweka nyingine, kwisha habari. Zilizotusumbua ni za wanafunzi wa vyuo waliokuwa na Windows na Linux kwenye mashine moja: leo saa iko sawa, kesho imekwenda mbele saa tatu kamili. Wao walilaumu betri. Kumbe Windows huandika kwenye chipu saa za hapa kwetu, na Linux ikizikuta huzichukulia kuwa ni za UTC, kisha inaongeza tatu zetu za Afrika Mashariki. Chipu haijui iko nchi gani. Inatunza tarakimu tu, kila mfumo utazisoma kwa imani yake.

Mzazi wa chipu hizo za kompyuta ni MC146818 ya Motorola, iliyoingia na IBM PC AT ya 1984, na mpangilio wa rejista zake unaigwa hadi leo. Inahesabu mitetemo ya kristali inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Igawanye kwa mbili mara 15, unabaki na moja. Kuhesabu si tabu. Tabu ni kusoma, maana sekunde, dakika na saa ziko kwenye rejista tofauti, na draiva inazipitia moja moja huku chipu ikiendelea kuhesabu. Tuseme ni 10:59:59. Draiva inasoma sekunde: 59. Hapo hapo chipu inageuka kuwa 11:00:00. Draiva inaendelea: dakika 00, saa 11. Jibu linatoka 11:00:59, karibu dakika nzima ya uongo, na hakuna onyo popote.

Linus Torvalds alilizingatia hilo tangu toleo la kwanza la Linux, 1991. Dawa yake ilikuwa kusoma kila kitu, kisha kurudi kuzisoma sekunde. Zikiwa zimebadilika, anaanza upya. Pembeni aliacha maelezo kwamba njia hiyo haipendezi ila inaelekea kufanya kazi, na mwenye habari zaidi amjulishe. Nimewaonyesha mara nyingi maelezo hayo vijana wanaodhani kerneli ya Linux iliandikwa na watu wasiobahatisha. Chipu yenyewe ina biti ya kuonya kwamba inakaribia kugeuka; ukiikuta iko sifuri una angalau mikrosekunde 244 za kusoma kwa amani. Ungedhani jambo hilo liliisha zamani, lakini kerneli 5.17, ya 2022, bado ilikuja na marekebisho ya namna ya kuingojea biti hiyo hiyo.

Kasoro ninayoikumbuka kuliko zote ilitokea Singida. Tulikuwa tumefunga vipimo vya maji kwenye visima: bodi ndogo isiyo na mtandao, mfumo endeshi mdogo wa kwetu wenyewe, na chipu ya DS1307. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mtu mzima, akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii mashine yenu inalala jioni."

"Inazimika?"

"Haizimiki, taa inawaka. Lakini kwenye karatasi mnazotuletea maji ya jioni hayamo. Na jioni ndiyo watu wanachota."

Mama alikuwa sahihi. Kumbukumbu za asubuhi zilikuwa safi. Maji ya saa saba mchana yaliandikwa kuwa ya saa tatu usiku, ya saa nane yakawa ya saa nne usiku, ya saa tisa yakawa ya saa tano usiku, na kuanzia saa kumi hapakuwa na kitu. Saa sita mchana kisima kilionekana kimetulia kabisa, na kweli kilikuwa kimetulia, kwa kuwa zile zilikuwa kumbukumbu za saa sita usiku.

Draiva niliyoirithi ilisoma rejista ya saa na kuchukua biti sita za chini, ikiamini chipu iko kwenye mpango wa saa 24. DS1307 ina mipango miwili, na biti namba 6 ndiyo inayosema uko upi: ikiwa 1, chipu inahesabu kwa saa 12, na biti namba 5 inageuka kuwa alama ya alasiri. Moduli za fungu lile zilikuwa zimepitia programu ya majaribio ya muuzaji iliyoziacha kwenye saa 12. Saa saba mchana, ambayo kwa mashine ni 1, ikawa imehifadhiwa kama 61 ya heksadesimali. Ondoa biti namba 6, inabaki 21. Saa kumi ikatoka 24, ambayo haipo, na programu ya kurekodi ikaitupa. Dawa ilikuwa mistari michache: angalia biti namba 6 kwanza, ndipo utafsiri. Kuitafuta ndiko kulikokula siku, kwa sababu chipu zote za mezani kwangu zilikuwa za fungu jingine na hazikukosea hata mara moja.

Joto ndilo lililotuhamisha kutoka DS1307. Kristali ya kawaida hutulia karibu na nyuzi 25, na kadiri unavyoachana na hapo inazidi kuchelewa. Ndani ya sanduku la chuma lililoanikwa juani, kwenye nyuzi 55, inapoteza karibu sekunde tatu kwa siku. DS3231 hupima joto lake yenyewe na kujisahihisha. Kati ya nyuzi 0 na 40 haitakiwi kukosea zaidi ya 2 kwa milioni, sawa na dakika moja na ushei kwa mwaka. Tukahamia huko, na huko ndiko kulikozaa ubishi.

DS3231 ina rejista ya hali, namba 0F, ambayo biti yake ya 7 hupanda kila mara kristali inaposimama: chipu ikiwa mpya, au betri ikiishiwa. Biti hiyo inakuambia tarehe hii usiiamini. Draiva za wakati ule, ya Linux ikiwemo, ziliikuta zinapowaka, zikaandika kwenye logi onyo la maneno mawili, SET TIME!, kisha zikaifuta, kama karani anayesoma barua ya malalamiko na kuichana. Ukiwasha mara ya pili onyo halipo, na Januari 1, 2000 inapita kama tarehe nyingine yoyote. Tulipata kumbukumbu za maji za mwaka 2000 kutoka kisima kilichochimbwa juzi.

Nilitaka draiva irudishe kosa mpaka mtu aweke saa. Mkuu wangu akakataa.

"Ikigoma kujibu, wateja watasema mashine mbovu."

"Na ikidanganya, mkuu?"

"Mwaka 2000 si unaonekana tu? Tutafuta."

Mwaka 2000 unaonekana, ndiyo. Saa iliyosimama wiki mbili kwa betri dhaifu kisha ikaendelea haionekani. Tarehe zake zina sura ya kweli, zinaingia kwenye hesabu na hazitoki tena. Hoja hiyo ndiyo iliyompindua. Tukaacha biti ibaki mpaka saa iwekwe, draiva ikawa inakataa, na programu ikawa inahesabu sekunde tangu bodi ilipowaka; fundi akifika na simu yake, kumbukumbu zinapewa tarehe kwa kurudi nyuma. Kwenye Linux nako mambo yamekwenda huko, chipu baada ya chipu: draiva ya DS1307 ikiikuta biti ya kusimama hurudisha kosa la EINVAL badala ya tarehe.

Ukinunua moduli ya DS3231 ya bei nafuu, angalia kwanza kama ina njia ya kuchaji betri. Ikiwa nayo, usiiwekee CR2032, kwani hiyo haichajiwi. Halafu soma rejista 0F. Biti ya 7 ikiwa 1, weka saa kwanza, ndipo uifute.