Chumba cha Wasoma Prufu

Treni ya kutoka Brussels haimalizi saa moja kufika Antwerp. Kutoka stesheni nilikwenda kwa miguu hadi uwanja wa Vrijdagmarkt, ilipo nyumba ya Plantin na Moretus, kiwanda cha uchapaji kilichogeuzwa makumbusho mwaka 1877. Wageni wengi hukimbilia mashine mbili za tangu mwaka 1600 hivi, kongwe kuliko zote za kuchapia zilizobaki duniani. Mimi, msoma prufu wa Dar es Salaam, nilikiulizia chumba cha wenzangu.

Meza yao nzito ya mwaloni ipo dirishani, maana kazi hii hula macho. Kampuni hii ndiyo iliyochapa Biblia ya lugha tano, juzuu nane, kuanzia mwaka 1568. Magdalena, binti ya Plantin, alikuwa bado mdogo alipopeleka prufu kwa msimamizi wa Biblia hiyo, Arias Montano, na kumsomea kwa sauti Kiebrania na Kigiriki.

Mbele ya prufu za zamani sikuhitaji mkalimani. Herufi imekatwa kwa mstari, na pambizoni kuna kitanzi chenye mkia: futa. Alama hiyo imo hata katika mwongozo wa wasoma prufu alioutoa Hornschuch mjini Leipzig mwaka 1608. Ndani ya mstari huonyeshwa mahali. Pambizoni huandikwa amri. Mpanga herufi hakuwa na haja ya kusoma habari upya: alishuka na pambizo, akachomoa herufi za risasi moja moja.

Ndiyo maana alama hizi haziachi nafasi ya kubahatisha. Nukta tunaizungushia duara isije ikadhaniwa ni doa. Mkato na ritifaa vina umbo moja, vinatofautiana mahali tu. Basi mkato tunauwekea pembe juu yake, na ritifaa, ile ya "ng'ombe", tunaiwekea pembe chini yake.

Siku hizi, kwenye kompyuta, aonaye kosa ndiye alifutaye, na mara nyingi hakuna anayejua kilichofutwa. Mimi prufu ya mwisho bado naisoma kwenye karatasi. Amri iliyoandikwa pambizoni lazima ipite mikononi mwa mtu wa pili, naye akiona nimekosea anaweza kunibishia kabla kitabu hakijaenda mashineni.