Blasket Kubwa na Springfield: Nauli Iliyohamisha Kijiji

Blasket Kubwa, kisiwa kilichoko karibu kilomita 2 kutoka ncha ya magharibi ya Kaunti ya Kerry nchini Ayalandi, kinastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayepima faida na hasara za ughaibuni, kwa sababu fedha za waliokwenda ng'ambo ndizo zilizosaidia kukiweka kijiji hai kwa miongo kadhaa, na ndizo hizo hizo zilizokimaliza.

Wakazi wake, ambao mwaka 1916 walizidi 170, walizungumza Kiairishi, lugha ya asili ya Ayalandi ambayo Kiingereza kilikuwa kimekwisha kuisukuma pembezoni katika sehemu kubwa ya nchi. Walilima viazi katika vishamba vilivyorutubishwa kwa mwani, wakafuga kondoo, wakachimba kilimani mboji ambayo ikikaushwa huwaka kama kuni, na wakavua samaki na kambakoche kwa naomhóg, yaani mashua nyepesi ya kiunzi cha mbao kilichovikwa turubai lililopakwa lami. Kisiwani hapakuwa na daktari wala kasisi, lakini palikuwa na masimulizi ya jioni katika nyumba za majirani, hazina iliyowavuta wanaisimu kutoka Norway na Uingereza na kuwatia moyo wenyeji waandike wenyewe. Tomás Ó Criomhthain alitoa tawasifu yake, An tOileánach, mwaka 1929. Peig Sayers alitoa yake mwaka 1936, baada ya kuisimulia kwa mdomo huku mwanawe Mícheál akiiandika.

Mícheál alikuwa amerudi kutoka Marekani, jambo ambalo wengi hawakulifanya. Usiku wa kuamkia safari ulifanyiwa mkesha uliofanana na wa msiba, ukaitwa mkesha wa Marekani, kwa kuwa wazazi walijua kwamba huenda wasimwone tena mtoto wao. Wengi walifikia Springfield, jimboni Massachusetts, hasa katika mtaa wa Hungry Hill, ambako jamaa na majirani wa zamani waliishi karibu karibu tena na kusaidiana kupata kazi. Kutoka huko zilirudi barua zenye fedha za matumizi, na pamoja nazo nauli ya ndugu anayefuata. Haitakuwa haki kuwalaumu waliotuma nauli hizo, kwa maana dada aliyemwita mdogo wake alimtakia mema; hata hivyo kila nauli iliondoa kisiwani mpiga makasia mmoja, mchumba mmoja, mwanafunzi mmoja, na shule ikafungwa mwaka 1941 kwa kukosa watoto.

Mwanzoni mwa 1947 kijana mmoja alifariki kisiwani kwa homa ya uti wa mgongo, huku dhoruba ikizuia msaada kutoka bara. Miezi michache baadaye wakazi, wakiwa wamezingirwa tena na bahari na wameishiwa chakula, walimpelekea simu ya maandishi kiongozi wa serikali, Éamon de Valera. Uhamisho rasmi ulisubiri hadi 17 Novemba 1953, wakati wakazi 22 tu ndio waliokuwa wamebaki, na wengi wao wakapewa makazi Dún Chaoin, upande wa pili wa mlangobahari.

Kaka wa marehemu yule, Mícheál Ó Cearna, ambaye Springfield ilimjua kwa jina la Mike Carney, alihamia Marekani mwaka 1948. Huko alipata maisha ambayo kisiwa kisingeweza kumpa, naye hakuacha kukipigania Kiairishi. Lakini kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 2013 alipokuwa na umri wa zaidi ya miaka 90, zilitoka kwa Kiingereza, lugha ambayo wajukuu wa Hungry Hill wangeweza kuisoma.